Maikroni

Bi Theda Folkerts amelileta mwenyewe kutoka Aurich,
mvua ya ubavuni njia nzima,
taa zinawaka saa nne asubuhi.
Gari limekwisha kutengenezwa.
Bampa jipya, boneti mpya, na taa ya kulia
ingali na mng'ao wa kitu kisichojua barabara.
"Niambie," anasema, glavu hajavua,
"kama limepona, mbona limepungua?"

Swali hili naulizwa kila wiki
na bado sijalipatia jibu fupi.
Namwambia: siku utakayoliuza
sheria itakutaka useme, liligongwa.
Mnunuzi atatikisa kichwa, atalizunguka mara ya pili,
atalipiga teke tairi lisilo na kosa,
kisha atataja bei yake.
Hilo pengo, kati ya bei yako na yake,
ni deni la dereva wa lori la maziwa
aliyerudi nyuma bila kutazama kioo
Jumanne ya ukungu, mbele ya duka la mikate.
Au tuseme deni la bima yake,
iliyoandika kurasa tatu za adabu
kwamba gari la miaka sita halina tena cha kupoteza.

Natoa kipimo. Kinaenea kiganjani.
Nakibandika juu ya rangi, kinalia ti,
kinataja unene wa kilichopakwa.
Paa: mia moja na kumi. Rangi ya kiwandani.
Mlango wa mbele, kushoto: mia moja na kumi na tano.
Boneti: mia moja thelathini. Fundi huyu ana mkono.
Bi Theda anafuata nyuma, anahesabu kwa midomo.

Mlango wa nyuma, kushoto: mia tatu na kumi.

Nabandika tena. Mia tatu na kumi.
Nachuchumaa hadi ukingo wa chini:
mia tisa. Hapo pana puti.

Wahenga walinena, ya kale hayanuki.
Kipimo hiki hakikulelewa na wahenga.

"Upande huu uligongwa lini?"
"Haukugongwa."
"Uligongwa, Bi Theda."
"Tulilinunua jipya. Tumeliendesha wawili tu,
mimi na Onno."
Anakomea hapo.
Mvua inapiga bati la karakana.
"Agosti," anasema. "Mwaka wa harusi ya Fenna.
Alilala Emden siku mbili,
mkutano wa wafuga njiwa, aliniambia.
Njiwa!"
Anacheka mpaka analishika paa kwa mikono miwili.
Onno yuko ardhini mwaka wa pili huu,
na leo ndiyo anakamatwa.

Namweleza, kwa sauti ya kazi,
kwamba uharibifu wa awali sina budi kuuandika,
kwamba nilikuwa nimekadiria elfu moja na mia nne
na sasa siwezi kuvuka mia sita.
"Andika," anasema. "Andika na jina lake."
Fomu haina nafasi ya jina.
Naandika: mlango wa nyuma kushoto, matengenezo ya zamani,
kazi nzuri, haionekani kwa macho.

Bima ilibishana barua mbili,
ikalipa mia tano na hamsini.
Nilidhani yamekwisha.

Mwezi Machi akanipigia simu.
Hakuuliza habari ya fedha zake.
Alitaka kujua mlango ule, wakati ule,
kwa fundi wa kificho,
ungegharimu kiasi gani.
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Kama elfu mbili, nikamwambia, labda na zaidi.

Akanyamaza muda mrefu.
"Basi ndiyo pikipiki," akasema.
"Aliiuza kiangazi kile. Alisema mgongo unamsumbua."

Sikuwa na safu ya kuandika hilo.
Kule kwake chai ilikuwa inamiminwa,
na ndani ya kikombe nikasikia
sukari ya mawe ikipasuka.