Matundu ya Bakuli

Nina miaka hamsini na miwili. Kutoka Mwahako hadi Tongoni
ni mwendo wa kuivisha chungu cha maharage,
na sikuwahi kufika.
Nilipita. Kupita si kufika.
Nimepita na mifuko ya saruji kwenda Pangani,
nimepita na vigae vya choo cha bwana mmoja wa Kigombe,
na kibao kile kilichopauka kikinyoosha kidole vichakani
nikakijibu kwa kichwa tu: eh, yale magofu,
kama mtu asemavyo, ile mvua ya mwaka juzi.

Watu huvuka bahari mbili kuja kuyapiga picha.
Mimi nililetwa na karatasi ya shule:
kila darasa litahitaji mzazi mmoja.
Mwanamvua aliandika jina langu bila kuniuliza.

Langoni, Sechonge, kijana wa tiketi,
akanisogezea daftari. Jina. Unakotoka.
Mstari wa juu yangu umetoka Osaka.
Nikaandika: Mwahako.
Neno lilikaa pale dogo,
kama limebisha hodi kuomba maji ya kunywa.

Kisha nikayaona.
Waliosoma huona enzi.
Mimi niliona kazi.
Matumbawe yamechongwa yangali mabichi,
chokaa imechomwa ikaiva,
pembe imenyooka hadi timazi ingeona haya.
Nguzo zimelala chali
kama wanaume baada ya pilau la arusi.
Watoto wanahesabu makaburi, wanapotea, wanaanza upya.

"Na haya mashimo ya duara?"
Sechonge akasema: palikuwa na bakuli.
Bakuli za kaure, kutoka China,
zilipachikwa humo, uso nje.
"Ziko wapi?"
Akafungua kiganja. Hakikuwa na kitu.

Nikacheka, walimu wakanigeukia.
Maboksi yote ya marumaru niliyobeba
tangu nina miaka kumi na tisa
yana maandishi ya huko huko, nisiyoyajua hata moja.
Kumbe bwana wee, kazi yetu ni moja!
Mtu alisimama hapa, kaure ya mbali mkononi,
mwenye mali amemkodolea macho,
akakoroga, akapaka, akakandamiza,
akashusha pumzi.
Alilipwa yote?
Au alipewa nusu, na nusu ni njoo Ijumaa?

Ndani ya tundu moja, chini, upande wa kushoto,
chokaa imebonyea.
Kidole gumba.
Nikatazama huku na huku, maana kugusa kumekatazwa,
nikaweka changu.
Hakikuenea. Chake kilikuwa kidogo.
Labda ni kijana, saidia fundi,
kaachiwa umaliziaji, fundi mwenyewe yuko kivulini.

"Baba! Umekatazwa!"

Njiani wenzake wanakariri: karne, biashara, ustaarabu.
Yeye kaninong'oneza: kwa nini bakuli, si sahani?
Nikamwambia, bakuli hushika mvua.
Sijui kama ni kweli.
Aliandika hivyo hivyo.

Mama amelala nyuma ya msikiti wetu,
tuta la mchanga,
jiwe kichwani, jiwe miguuni.
Nimepamba vyoo vya watu mia,
tuta lake sijalisogelea na mwiko.
Kaka yangu Shembilu najua atasema
kaburi halipambwi, si sunna.
Huenda ana haki.
Ila lile bakuli lake la uji,
la maua mekundu, lenye ufa,
limo kabatini. Hakuna anayelitumia.
Hakuna anayelitupa.
Na saruji nyeupe ninayo,
imebaki robo mfuko,
na masika yakiingia itaganda.