Saa Nane Isiyoandikwa

Daftari la zamu, Mzakwe, kisima namba tisa.
Saa sita: presha nne na nusu.
Saa saba: nne na nusu.
Saa nane: weupe wa karatasi.
Saa tisa: nne na nusu, mwandiko wangu, umetulia kuliko kawaida.

Msimamizi Chidong'oi kaweka kidole kwenye weupe ule.
"Ndahani, ulilala."
Sikulala.
"Basi ulikuwa wapi?"
Hapo ndipo lugha iliponitupa mkono.

Nianzie mbali kidogo.
Mhandisi Sumanadasa, Msinhala, mtu wa maneno machache,
alikaa nasi miaka miwili akipima kina cha maji.
Jioni hutandika gunia tupu la saruji,
kakunja miguu, kalegeza macho,
nasi tukiulizana: anasali kwa nani huyu?
Siku moja nikamuuliza mwenyewe.
Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:
"Pumzi inaingia, jua. Pumzi inatoka, jua. Basi."
Nikadhani kanificha kitu.
Mwaka wa kumi na moja huu nakaa na hilo "basi".

Mke wangu Nyemo, sauti ya pili kwenye kwaya,
huniuliza kama nimebadili dini.
Namwambia nahesabu pumzi tu, kama nihesabuvyo maji.
Hunipakulia mlenda, haulizi tena
hadi Jumapili.

Usiku ule ulikuwa wa Julai,
upepo ukitokea mashamba ya zabibu, una meno.
Kwanza uliondoka mdundo wa pampu.
Haukunyamaza, ulikuwa ukidunda,
ila neno "pampu" likabanduka juu yake kama rangi ya ukuta.
Kisha baridi; ikabaki baridi isiyo ya mtu.
Kisha magoti, yaliyoniuma tangu saa tano:
nikayatafuta maumivu yangu
kama atafutaye mbuzi aliyemfunga mwenyewe,
nikakuta kamba.
Kisha kamba nayo.
Pumzi ikawa uzi, ikawa unywele, ikawa fununu ya unywele.
Ukabaki upana, kama mbuga ya Bahi maji yakishakauka,
kisha pasiwe na wa kusema "upana".
Kisha

sikuona giza. Giza huonwa.
Sikusikia kimya. Kimya husikika,
muulize yeyote aliyewahi kuzima jenereta ghafla.

Kilichorudi kwanza kilikuwa harufu ya grisi.
Ilinukia yenyewe, kitambo,
ndipo akaja mtu wa kuinusa,
akavaa magoti, akavaa baridi,
akavaa jina la Ndahani, mkono wa kushoto kwanza,
kama anayejaribu shati la dukani.
Nikatazama saa: saa tisa kasoro dakika nne.

Darasa la tano tulifundishwa kitenzi: kuzima.
Zima taa. Zima moto.
Na papo hapo, mtu mzima, chungu kizima, uzima.
Tulimuuliza mwalimu vipi neno moja
lizime na liwe zima.
Akasema, "Lugha ina mambo yake," akafuta ubao.
Siku hizi namfikiria sana.
Vumbi la chaki lilivyoning'inia juani,
halina tena la kusema, wala halianguki.

Na maji yalifika mjini.
Kule Chang'ombe, saa nane ile,
labda mtu alifungua bomba, mtoto wake ana homa,
yakatoka.
Pampu haikunihitaji nijue kwamba inasukuma.

"Jaza nne na nusu," akasema Chidong'oi,
"mkaguzi anakuja keshokutwa."
Nikashika kalamu. Ikanikatalia, au mimi nikaikatalia, sijui.
Saa zote nyingine ziliandikwa na mtu aliyeziona.

Barua ya onyo imekuja leo, ina muhuri:
"kwa kosa la kutokuwepo kazini".
Nimetia sahihi bila ubishi.
Wamekosea neno moja tu,
la mwisho.