Herufi Nne

Ripoti ilikuja na muhuri wa zambarau,
imekunjwa mara tatu ndani ya daftari la jiografia.
Mama alikuwa sokoni Kiboriloni, amekalia debe,
mbele yake mikungu minne ya mshare.
Akafuta utomvu kwa kanga. "Nisomee."

Nilikuwa kidato cha pili.
Kiingereza changu kilikuwa kiatu cha kurithi,
kinapwaya kisiginoni, nakiburuta hivyo hivyo.
Penye hesabu paliandikwa neno moja, wino mwekundu,
herufi nne, mbili za katikati zimekodoa macho.
Hilo nililijua! Tulilisoma kwenye hadithi
ya mzee na punda wake.

"Wameandika maskini."
"Nani maskini?"
"Hapa, kwenye hesabu. Na fizikia pia."

Hakujibu. Mteja alikuja, akapatana, akaondoka.
Mama aliihesabu chenji mara mbili baada ya mtu kwenda.
Usiku nikasikia kufuli la sanduku.

Asubuhi alivaa gauni la Pasaka, na ilikuwa Agosti.
Ofisini akapanga mezani, kimoja kimoja:
risiti ya dawati,
risiti ya uji,
karatasi ya kijiji ya kihamba cha marehemu baba,
noti za elfu mbili zilizobanwa kwa mpira.
"Mwalimu, sisi hatujafikia huko."

Mwalimu Kidolezi akasoma ripoti, akanitazama.
Kicheko kilimfika kooni, nilikiona,
akakimeza.
Mpaka leo namshukuru kwa kile alichokimeza.
"Mama Aikaruwa, neno hili lina maana mbili.
Hapa si la mfukoni.
Binti yako ni dhaifu katika hesabu."
Mama akanigeukia taratibu.
Nikaona heri ule umaskini.

Kisha akamgeukia yeye.
"Na kwa nini hamkuandika dhaifu?"
"Fomu zinakuja hivi, mama."
"Hata ndizi zinakuja na maganda, mwalimu.
Mgeni humpi kabla hujamenya."

Muhula uliofuata, chini ya kila neno,
kulikuwa na jingine dogo, la penseli:
Dhaifu. Wastani. Anaongea mno.
Darasa zima, watoto sitini na wawili.
Hakuna waraka uliomwagiza.
Mama alizisoma mwenyewe, kidole kikitambaa,
akanichapa kwa ushahidi.

Mwalimu alihamishiwa Same,
na penseli ikahama naye.

Jana mwanangu kaleta barua ya kikao cha wazazi,
kurasa mbili, Kiingereza kitupu,
lugha ambayo siku ya kikao
hata mkuu wa shule hataizungumza.
Naielewa yote, nukta kwa nukta.
Lakini jioni hii jirani yangu Ndeanasia
amesimama mlangoni,
ya kwake mkononi, imekunjwa mara tatu,
anajifanya amekuja kuomba chumvi.

Karibu, namwambia. Keti.
Ngoja nitafute penseli.