Buji

Gari la Mama Kisimba liliingia kwa kusukumwa:
Alfa nyekundu, ya mwaka alioolewa mama yake,
vijana wanne nyuma, vumbi la Septemba hadi magotini,
naye mwenyewe kashika usukani
kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.
"Jumamosi namwoza binti yangu," akasema. "Liwake tu."

Fundi Mwepu hakulijibu neno hilo.
Alipiga magoti kwenye saruji, akanusa.
Hakugusa kitu, alinusa kwanza,
kama anunuaye samaki wa Kasenga
siku ya tatu baada ya lori kufika.

Kisha akaniagiza: chomoa betri, waya wa hasi uanze.
Nenda kwa jirani, mwambie mbabula yake
aihamishie nyuma ya ukuta, bukari itaiva hata huko.
Ndoo ya mchanga, hapa. Si maji.
Maji huibeba petroli mgongoni, yakaitembeza.

Tukafunua boneti.
Mpira wa petroli, nilipoukunja,
ulipasuka kama kisigino cha mwezi wa saba.
Kibano kilikuwa kimeuma hadi kwenye nyuzi.
Tone.
Nikahesabu hadi kumi na tisa.
Tone,
na chini yake distribita, mahali cheche inapozaliwa.
Mwepu akachomoa kijiti cha oili, akanusa tena:
ngozi ya pampu imetoboka,
petroli imeshuka kulala na oili.
"Miaka mitatu limegoma kuwaka," akasema.
"Mama yule anadhani gari limemnyima. Limemlinda."

Saa moja jioni. Bakuli la karabureta mkononi mwangu,
limejaa hadi ukingoni,
umeme ukakatika.
Kamalondo nzima ikasema *aaah*, ua baada ya ua.
Kutoka chini ya gari, Mwepu, kama kawaida yake:
"Kapya! Buji uliniletea?"

Alimaanisha zile nne alizomtuma dukani mchana.
Lakini Kapya ana miaka kumi na mmoja, ni mtoto mtiifu,
na giza limeingia, na baba anaitisha buji.
"Ninayo, baba!"
Mwanga wake ukatangulia kufika mlangoni.

Wabelgiji walituachia neno moja kwa vitu viwili,
kile cha injini na kile cha nta.
Hawakutuambia siku vitakapokutana.

"Simama."
Hakupaza sauti. Ni sauti ya mtu
anayemwona nyoka karibu na mguu wa mwenzake.
Kapya akasimama. Nta ikamdondokea kidoleni, hakutikisika.
"Usipulize. Rudi nyuma, polepole, kama ulivyokuja.
Nenda hadi kwenye mpapai. Huko ndiko uizime."
Nami na bakuli langu,
naogopa hata mapigo ya moyo yasigongane.

Giza likarudi.
Sijawahi kulipenda giza namna ile.

Mwepu alitoka akaketi juu ya tairi.
Mkono wake wa kushoto, ambao haukunjwi shati hata Oktoba,
akaufunua, akaurambaza kidole gumba.
"Likasi," akasema. "Nilikuwa na umri wako."
Hakuongeza neno, wala sikumwomba.

Asubuhi Mama Kisimba alileta pesa za mpira mmoja.
Mwepu akampangia juu ya kitambaa vile vilivyokufa:
mipira mitano, ngozi ya pampu, chujio lenye kutu ya tangi.
"Jumamosi?"
"Jumanne."
Alitukana kidogo, kwa Kiluba, kisha kwa Kifaransa.
Binti aliolewa akitokea kwenye teksi ya Toyota
yenye mlango mmoja wa rangi nyingine.

Jumanne likawaka, mara ya pili.
Majirani walipiga makofi. Sisi tulikuwa chini,
magotini, tunanusa.

Tangu hapo gereji yetu imejitungia msamiati.
Ile ya injini tunaiita jino.
Ile ya nta hatuitaji.