Mkono wa Pete

Mwanashee, mshona kofia, hasikii tangu utotoni,
kwa hiyo picha isiyosema haikumpungukia kitu.
Sisi wengine tulimhitaji Bwanaheri
asimame kando ya shuka na kifimbo chake cha mwanzi,
atuambie nani anapenda, nani amekwisha kufa.

Ilikuwa Langoni, uani kwa kina Lali,
jenereta likikohoa kichochoroni.
Hakimu wa mchana, mnyongaji wa usiku:
koti moja, nyuso mbili.
Mwisho wanakabiliana kwenye kioo. Taa inazimika.
Inapowaka, mmoja yuko sakafuni, ameilalia mikono yake,
mmoja anafungua mlango, anatoka
bila kugeuka.

"Hakimu kashinda!" akanadi Bwanaheri.
Wazee wakashusha pumzi,
kina mama wakaanza kuokota watoto waliolala.

Mwanashee akasimama katikati ya mwanga,
kivuli chake kikamfunika maiti.
Akagusa kidole cha pete cha kushoto,
kisha cha kulia.
Mara mbili. Mara ya tatu kwa hasira.
Picha nzima pete ilikuwa huku. Aliyetoka, iko huku.
Aliyetoka ni yule wa kiooni.

Baraza zikagawanyika mwezi mzima.
Pete huhamishwa, walisema hawa.
Wale hawakusema, ila wake zao
waliwachungulia wakinyoa ndevu.

Mimi ndiye niliyeizungusha mashine.
Utepe wa mwisho ulikatika, nikauunga gizani kwa gundi,
upande wa ndani nikauweka nje.
Kulia ikawa kushoto. Basi, ni hilo tu.
Hata neno la kufungia lilitoka kinyumenyume,
lakini nani kati yetu aliijua lugha ile?

Niligundua asubuhi, nikanyamaza.
Bwanaheri hakuaminiwa tena hata bei ya misumari,
akahamia Mambrui, kifimbo akaniachia.
Mwanashee wakawa wanamwita kwenye posa
amtazame bwana harusi.

Miaka thelathini na moja.
Tukikutana njiani, hunitazama mikono kwanza,
uso baadaye.
Sivai pete.
Natoa mkono nimwamkie, na kila mara,
kabla haujafika,
nasita kidogo: ni upi huu?