Safu ya Saba

Katika safu ya saba ya fomu, chini ya neno ushuru,
mimi ndiye niandikaye sifuri.
Ndiyo kazi yangu tangu saa mbili asubuhi,
chumba cha juu ya duka la matairi, Lubumbashi:
cheti cha asili, muhuri wa ng'ambo, magunia mia sita,
unga wa mahindi, nchi mwanachama.
Sifuri.
Naiviringa taratibu, naifunga vizuri,
kama mtu anayefunga mdomo wa mfuko
asimwage kitu.

Baba alikuwa na mashine ya kusaga, Katuba.
Aliipa jina la mama yake, Mwadi,
kwa sababu, alisema, naye hakunyamaza kamwe.
Watu walikuja na mabeseni kichwani,
wakapanga foleni, wakasengenyana,
wakarudi kwao weupe hadi kope.
Umeme ukikatika walingoja.
Palikuwa na wakati huo, wa kungoja.

Mama hakuwahi kusoma mkataba.
Alisoma bei.
Unga wa kusini ulikuja umeshachekechwa, laini,
umefungwa na picha ya jogoo,
na kwa kila gunia ulikuachia chenji ya samaki wawili.
Alianza na magunia manne. Akafika arobaini.
Akajenga kibanda cha matofali, akatia mlango wa chuma,
akalipa karo yangu mpaka diploma.
Kalamu hii, basi, ilinunuliwa
na unga uleule uliomnyamazisha Mwadi.

Na nyumbani tulikula sahani moja.
Baba hakuuliza bukari imetoka wapi.
Mara moja tu alifinya tonge, akaligeuza,
akasema: huu umesagwa na mtu asiyetujua.
Mama akamsogezea sombe.

Msidhani sifuri yangu hufika kama ilivyotoka.
Njiani kuna meza.
Kuna karatasi ya dawa ya kupulizia matairi,
kuna ya maegesho, hata kwa lori lisilosimama,
kuna moja ambayo haina jina, ina kiasi tu.
Sifuri hunenepa kilomita tisini,
ikifika sokoni ina tumbo.
Na upande wa pili wa barabara malori ya shaba yanashuka,
yamefunikwa turubai kama wagonjwa.
Tunapeleka mwamba, tunaletewa bukari.
Mkuu wangu huita hilo soko la pamoja.
Sibishi. Hunilipa tarehe tano.

Kisha mwaka ule mvua ikawakosa wao.
Wakafunga mahindi yao ndani.
Nilitafuta: hawakuvunja lolote,
kipo kifungu, ukurasa wa nyuma, herufi ndogo.
Wiki mbili sikuandika sifuri hata moja.
Bei ikapanda mara tatu, mlango wa chuma wa mama
ukafunguliwa kwa rafu tupu,
na watu wakakumbuka njia ya kwetu.
Walikuja na mabeseni. Mahindi ya barabara ya Kipushi,
machache, yenye mchanga.
Wakasimama foleni palepale, kama vile foleni
ilikuwa imelala tu.

Baba akatoka akiwa amevaa fulana ya ndani.
Mkanda wa mashine alikuwa ameuza
kwa Kyungu fundi wa kandambili.
Mwadi, alisema, anatembea mtaani,
tazameni miguu yenu.
Walicheka wachache.
Mama Umba alitazama kweli.

Usiku ule aliniomba nimwoneshe hiyo safu.
Nikamchorea nyuma ya risiti ya umeme.
Akaisogeza kwenye mshumaa, muda mrefu.
Huu ni mdomo wa Mwadi, akasema,
hapa ndipo walipokuwa wakimwaga mahindi.
Akaikunja, akaitia mfukoni, hakusema zaidi.

Mpaka ulipofunguliwa, lori la kwanza: magunia mia nne.
Safu ya saba niliiandika ndogo, ndogo sana.
Mkuu akairudisha: haisomeki.
Nikaiandika upya.