Kwa Nini Sisi

Oktoba, Kaunti ya Aroostook. Shule imefungwa wiki tatu
ili watoto wavune viazi kabla ardhi haijaganda.
Nina kucha nyeusi, na vyuo kumi na kimoja
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Mama ameweka kopo la kahawa mezani,
hakusema neno. Nimehesabu mara mbili:
dola mia tatu na kumi, na kifungo cha koti.
Ada ya ombi moja ni sabini na tano.
Vinne, basi. Vinne na kifungo.

Waliosema mchagua nazi hupata koroma
hawakutozwa kwa kila nazi waliyoigusa.

Cha kwanza kukatwa ni chenye brosha nzito:
wasichana watatu wanacheka juu ya majani,
hakuna aliyeshika kitabu,
hakuna mwenye kamasi.

Kingine kinataka, kwa maneno mia sita na hamsini,
nieleze dhiki iliyonijenga.
Nilijaribu. Naapa nilijaribu.
Niliandika juu ya ukanda wa mashine ya kuvunia,
jinsi mawe na viazi hupita mbele yako vikiwa rangi moja,
mikono ikavitambua kabla ya macho,
na kwamba ndivyo nilivyojifunza kuchagua maishani.
Nikajipongeza. Nikamsomea Mama.
Aliendelea kukunja taulo.
"Odile, ulifanya kazi pale siku tisa,
na siku ya nne ulilia, ukarudishwa na lori."
Kisha, akiwa ameshafika mlangoni:
"Lakini hapo pa mikono ni kweli."

Nikafuta yote, nikaacha hapo pa mikono.

Bwana Haskell, mshauri wetu, ana wanafunzi mia mbili
na kiti kimoja cha wageni.
"Viwili vya ndoto, viwili vya hakika," anasema,
kama mtu anayepanga mayai kwenye trei.
Ndoto ya nani, sikumuuliza.
Kile cha Boston nilikipenda kwa kuwa Lucien Cyr alikipenda,
na Lucien sasa akiniona dukani
husoma lebo za supu.
Kata.

Kaka yangu Marcel anapiga debe la kile cha jirani:
"Utakuja kula Jumapili." Anasema hivyo
huku akiangalia pengine. Nimekiacha.
Si kwa ajili ya chakula.

Saa sita usiku ndipo nilipopata kipimo changu:
swali ambalo ningelijibu hata kama hakuna aliyeuliza.
Kuna chuo, kidogo, sijui hata mji wake unatamkwaje,
kinauliza: unajua nini wasichokijua walimu wako?
Najua harufu ya ghala
kiazi kimoja kinapoanza kuoza kati ya tani arobaini.
Baba huingia, husimama, hunusa,
kisha huenda moja kwa moja kama aliyeitwa kwa jina.
Mimi bado huzunguka. Lakini mwaka jana
nilifika kabla yake mara moja,
wala hakusema kitu, alinipa tochi tu nishike.
Hilo niliandika bila kutazama saa.
Wala halikunifundisha chochote. Niliandika hivyo pia.

Vinne vimetimia, ila cha mwisho kinanikodolea macho:
*Kwa nini sisi?* Maneno mia moja na hamsini.
Niliandika: maktaba yenu hailali. Nikafuta.
Niliandika: maprofesa wenu mashuhuri,
ambao majina yao nimeyajua leo saa tatu. Nikafuta.
Chai ikapoa, ikafanya utando.
Mwishowe niliandika tu:

*Nami nataka kuwauliza hivyo hivyo.
Kati ya wote wanaowaandikia usiku huu, kwa nini mimi?
Mkilijibu, nitakuja na jibu langu.*

Pengine ni ufidhuli. Pengine nimetupa dola sabini na tano.
Nimebonyeza.

Kopo lina dola kumi na kifungo.
Nimekitazama vizuri: ni cha koti langu.
Sindano iko wapi katika nyumba hii.